Kitambaa Rangi ya Maini

Sosiot,
3 Februari 1974

Mpwa wangu Bitutu,

Nimekuficha jambo. Naliandika juu kabisa, kabla ya salamu, kwa sababu nikianza na salamu nitapata njia ya kulikwepa.

Uliponiuliza habari za vitambaa wakati wa Krismasi, nilikuambia kwamba katika duka la Bwana Vasanji pale Kericho mimi nilikuwa wa kupima yadi na kukata, basi. Si kweli. Kwa miaka tisa, kuanzia 1930, nilikuwa pia nikiiandikia barua nyumba moja ya wakala kule Mombasa. Niliwaambia watu wa huku wananunua nini, wanakataa nini, na kwa nini. Vasanji peke yake ndiye aliyejua. Hata marehemu mama yako, dada yangu Nyamoita, hakujua.

Sasa nikusalimu. Natumaini u mzima na Nairobi haijakuchosha. Sisi tupo. Jua ni kali na chai imekunja majani. Miguu yangu imevimba hadi magotini, na daktari amesema ni moyo. Alimwambia Nyambeki, mkaza mwanangu, nje ya mlango, akidhani sisikii. Kwa hiyo najua.

Nikueleze kazi ile ilivyokuwa. Mwenye duka wa Kizungu alidhani Mwafrika hununua chochote kinachong'aa. Mimi nilisimama nyuma ya kaunta nikaona mambo mengine. Kulikuwa na mama mmoja wa Kedowa, kila akija alitafuna pembe ya marekani, kile kitambaa cheupe cha pamba, akatema, akasema, "Hii ni uji, Bogonko, si nguo. Nitavaa, ama nitawapa watoto wanywe?" Alikuwa ameonja wanga. Wenye viwanda walipaka wanga ili kitambaa chepesi kionekane kizito, na ukikifua mara moja kinabaki kama chandarua. Nikaandika Mombasa: punguzeni wanga, wanawake wanautambua kwa meno. Baada ya miezi minane marobota yakaja bila wanga. Yule mama akatafuna, hakutema, akanunua yadi nne.

Mimi nilimaliza shule ya misheni kabla ya vijana wengi wa huku kujua kalamu. Nilifurahi kuona neno langu likivuka bahari na kurudi likiwa robota.

Sijamaliza, lakini mkono umechoka.

Mjomba wako,
Zakaria Bogonko

---

Chuo Kikuu, Nairobi,
19 Februari 1974

Mpendwa Mjomba,

Nimepokea barua yako na nimeisoma mara tatu. Pole kwa miguu. Tafadhali uilaze juu ya mto kama daktari alivyosema, wala usiende kwenye kituo cha majani ya chai. Osoro atapeleka. Una mwana wa kazi gani?

Mjomba, barua zako ninazo. Nyumba ile ya Mombasa ilifungwa zamani na masanduku yake yaliletwa hapa chuoni. Mwaka jana nilikuta barua sitini na mbili kutoka Kericho, zimetiwa sahihi "Z. B." tu. Nilimwambia mwalimu wangu kwamba huyu Z. B. ni Mhindi, maana hesabu zake za yadi ni safi. Alinicheka, nami leo ninajicheka mwenyewe.

Unajua ninachoandika. Vitabu vyote vya historia ya biashara vinasema viwanda vya Ulaya na Japani viliamua, sisi tukavaa. Barua zako zinasema kinyume. Mama wa Kedowa anatema wanga na mtu wa Osaka anabadilisha mtambo. Tasnifu yangu yote imesimama juu ya jambo hilo.

Barua iliyo kubwa kwangu ni ya Agosti 1936. Umeandika hivi: "Wanawake wa mashamba ya chai hawataki tena nyeupe. Wanataka rangi hii. Mkiweza kuitengeneza, mtauza yote." Na kuna kipande cha kitambaa, upana wa vidole viwili, kimebandikwa kwa pini. Pini imeshika kutu, lakini rangi iko vilevile. Ni rangi ya maini. Kwenye vitabu vya marobota, kabla ya hapo hakuna rangi hiyo popote. Mwaka uliofuata imejaa nchi nzima.

Ilitoka wapi? Mama mdogo Beldina ananiambia ilikuwa kazi ya mama yangu, na kwamba mwanamke wa Kipsigis aliyekuwa rafiki yake, Chelangat, ndiye aliyemwibia siri akaipeleka dukani. Mama mwenyewe hakunisimulia hata siku moja. Nilipokuwa mdogo nikimwuliza kwa nini haendi soko la Sosiot kama mama wengine, alisema, "Kule nilipoteza mtu."

Niandikie, Mjomba. Hii ndiyo sura yangu ya nne.

Mpwa wako akupendaye,
Bitutu

---

Sosiot,
11 Machi 1974

Mpwa wangu Bitutu,

Salamu nyingi. Mvua imeanza kunyesha. Nalala nimeketi, maana nikilala chali pumzi inakatika. Chakula nakula kidogo. Wengine wote nyumbani ni wazima.

Beldina amekuambia kweli kuhusu mama yako. Rangi ile ilikuwa yake na Chelangat.

Wakati ule baba yako alikuwa kazini kwenye shamba la chai, na mama yako alikaa naye katika laini za wafanyakazi. Alikuwa mmoja wa wanawake wachache walioanza kuchuma. Wewe umezaliwa baadaye, hukuona hali hiyo. Asubuhi mti wa chai umelowa, na ukipita katikati ya mistari unalowa mpaka kifuani. Utomvu wa majani unashika nguo na kuwa mweusi, na hauondoki kwa sabuni. Marekani nyeupe baada ya wiki mbili ilikuwa kama tambara la kufutia sufuria, na mwanamke aliona haya kwenda nayo kanisani.

Mama yako akasema, kama utomvu hautoki, basi tuutie nguo nzima. Nyuma ya kiwanda palikuwa na vumbi la chai linalotupwa. Alilichukua, akalichemsha ndani ya debe pamoja na marekani. Ikatoka rangi hafifu, na kwa kufua mara mbili ikaisha. Chelangat alikuwa akileta maziwa kwenye laini. Akatazama debe, akasema, "Nyamoita, nguo umeipikia chai. Sasa si uweke maziwa?" Wakacheka sana. Halafu Chelangat akamwambia kwamba kwao, kando ya kinamasi, kuna tope jeusi ambalo nyanya yake alilitumia kutia ngozi rangi. Wakaizika nguo humo siku nzima. Ilipotoka na kuoshwa mtoni, ilikuwa rangi ya maini, na haikufifia tena. Utomvu ukiingia hauonekani.

Wanawake walianza kuleta nguo zao. Mama yako alichemsha, Chelangat alizika na kuosha. Walilipwa kuku, wimbi, wakati mwingine senti. Wenye nguo walitoka hata Kedowa. Mama yako alikuwa na nia ya kuondoka laini na kuwa na nyumba yake mwenyewe. Wawili hao walipendana kuliko ndugu. Chelangat alijifunza Kikisii, na mama yako alijifunza kutengeneza mkaa wa kusafishia kibuyu cha maziwa, kazi ambayo hata wasichana wa Kipsigis wengine huiharibu.

Kisha kipande cha kitambaa hicho kilifika Mombasa, na kutoka Mombasa kikafika Japani. Machi 1937 marobota sita yalishuka dukani. Rangi ile ile, bila harufu ya tope, na rahisi kuliko marekani nyeupe ukijumlisha na kuku wa kulipia rangi. Hakuna aliyeleta nguo kwenye debe tena. Mama yako na Chelangat wakakosana.

Hayo ndiyo yote. Chelangat aliolewa ng'ambo ya Longisa. Ni mzee sasa. Nakuomba usimsumbue.

Mjomba wako,
Z. Bogonko

---

Nairobi,
29 Aprili 1974

Mpendwa Mjomba,

Habari ya siku nyingi. Nyambeki ameniandikia kwamba ulilazwa siku nne ukarudishwa nyumbani. Pole sana. Najua hili si jambo la kumwandikia mgonjwa, lakini sina mtu mwingine wa kumwandikia.

Nilikwenda Longisa. Nisamehe. Wakati wa Pasaka nilishuka kule kabla ya kufika kwako, na ndiyo maana ulipoona nimenyamaza ukaniuliza kama ninaumwa.

Nilimkuta Chelangat akichagua mahindi ya mbegu barazani. Mwanawe Kimutai alinipa kiti. Mama yule ni mchangamfu. Kabla hajaniuliza jina alinimiminia chai, akanitania kwamba watu waliosoma wana miguu myembamba kama ya korongo. Halafu akasema, "Na wewe ni wa nani?"

Nikasema, "Mimi ni Bitutu, wa Nyamoita."

Alinyoosha mkono, akachukua kikombe mkononi mwangu, akairudisha chai kwenye birika. Hakuimwaga. Aliirudisha polepole, mpaka tone la mwisho.

Kimutai akasema, "Mama, huyu ni mgeni."

"Najua ni mgeni. Mama yake pia alikuwa mgeni, nikampatia tope ya baba yangu."

Nikamwambia kwamba ninaandika kitabu kuhusu vitambaa, na ningependa kusikia kutoka kwake. Ninaandika maneno yake kama alivyoyasema:

"Mama yako alisimama katikati ya soko ya Sosiot akaniita mwizi. Watu wote wanasikia, wangu na wenu. Alisema nimeuza rangi kwa Mhindi. Mimi nauza tope ya baba yangu kwa nini? Duka yenyewe sikuwa najua mlango yake iko upande gani. Mume niliyeolewa naye aliambiwa hiyo maneno kabla ng'ombe hazijafika, na kila tukigombana alikuwa ananiuliza, leo unauza nini yangu? Alikufa akiniuliza. Wakati mama yako alizikwa nilikuja. Nilisimama barabarani mpaka mkamaliza kumfunika. Hakuna mtu aliniita ndani. Sasa wewe unaandika kitabu. Andika, Chelangat alisema hapana. Usiweke kitu ingine."

Aliendelea kuchagua mbegu. Kimutai alinisindikiza hadi barabarani.

Mjomba, katika sura ya nne nimeandika, kwa neno la Mama mdogo Beldina, kwamba mwanamke wa Kipsigis ndiye aliyekipeleka kipande dukani. Tasnifu inakwenda kwa mpiga chapa Jumatatu tarehe 17 Juni. Ikishafungwa jalada itawekwa maktaba, na watu wataisoma sisi sote tukiwa tumeondoka. Kama si kweli, nitakuwa nimemwita mwizi mara ya pili, na mara hii hakutakuwa na soko la kutawanyika jioni.

Kuna jingine linaloniuma. Nimeanza kumwonea mama haya. Nauliza, je, alimshuku rafiki yake kwa sababu alikuwa Mkipsigis tu? Mama aliyenifundisha kusalimu kila mtu njiani? Sitaki kuamini, lakini naona ndivyo ilivyokuwa.

Uliniambia kipande kilifika Mombasa. Hukuniambia nani alikipeleka. Wewe ulikuwa kaunta. Nani alikileta?

Mpwa wako,
Bitutu

---

Sosiot,
14 Mei 1974

Bitutu,

Barua yako nimeipata. Nyambeki alitaka kuniandikia, nikakataa. Chai inatoa vizuri baada ya mvua, na Osoro anapeleka majani mara mbili kwa wiki.

Nipe siku chache.

Mjomba wako

---

SIMU YA MAANDISHI
Nairobi, 12 Juni 1974

KWA BOGONKO SOSIOT. MPIGA CHAPA JUMATATU. BILA NENO LAKO SURA ITABAKI ILIVYO. MPWA WAKO BITUTU

---

Sosiot,
13 Juni 1974

Mpwa wangu Bitutu,

Natumaini u mzima. Mimi sitauliza wala kueleza hali leo, pumzi niliyo nayo ni ya barua hii. Osoro atapanda basi kesho alfajiri na kukuletea mkononi. Nimeanza kuiandika mara tano tangu Mei, na mara tano Nyambeki ameitumia kuwasha moto wa asubuhi kwa amri yangu.

Kipande nilikikata mimi.

Ilikuwa Jumapili, mwezi wa Agosti. Nilikwenda laini kumwona dada yangu. Alinipa wimbi na mboga, kisha akaenda kuteka maji. Kwenye ua palikuwa na nguo ya mtu imeanikwa, imetoka mtoni siku hiyo. Nilikuwa na mkasi wa duka mfukoni, maana Vasanji hakutaka ulale dukani. Nikakata pindo, upana wa vidole viwili. Mama yako alipoona nguo imekatwa alimlaumu mbuzi wa jirani, na mwenye nguo akalipwa kuku wawili. Mimi nilikuwa nimeketi pale pale nikimalizia wimbi. Nilikubali kwamba mbuzi yule ni mharibifu.

Usidhani nilipewa fedha. Nilipewa barua. Mzungu wa Mombasa aliniandikia, "Bwana Bogonko mpendwa," na kusema kwamba sampuli yangu ni nzuri kuliko zote walizopata mwaka ule. Kericho hakuna Mzungu aliyekuwa ameniita zaidi ya boi au karani. Niliisoma barua ile mpaka ikakatika kwenye mikunjo. Ningewakatia nguo zote za mashamba ya chai ili nipate nyingine kama ile. Hiyo ndiyo sababu, na najua ni ndogo.

Nilikuwa nikijiambia kwamba sikufanya ubaya. Niliwaambia wenye viwanda watu wanataka nini, na watu wakakipata kwa bei rahisi. Unayoandika wewe ni hivyo hivyo, na sura yako haitaanguka. Viwanda vilitii wanawake wa huku, ni kweli. Lakini uandike pia kwamba mara ile wenye viwanda hawakutii walichotaka wanawake tu. Walichukua kilichokwisha kutengenezwa na wanawake wawili wenye majina, nami ndiye niliyewapa. Andika jina langu lote, si Z. B.

Sasa la mwisho, ambalo kwa ajili yake nimechoma barua tano.

Unajua mila yetu. Ng'ombe walioletwa kumwoa Nyamoita ndio waliotolewa kumwoa mke wangu. Baba alitupanga hivyo tangu utoto, Nyamoita na mimi. Kaka aliyeoa kwa ng'ombe wa dada yake ana deni kwake mpaka kaburini, na deni lenyewe ni kwamba hawezi kumkatalia jambo wala kumdanganya. Dada anaweza kuingia kwake na kuchukua chungu jikoni, na mke hasemi neno. Ndiyo sababu marobota yalipofunguliwa hakwenda kwa chifu wala kwa mumewe. Alikuja kwangu.

Duka lilikuwa na watu. Alishika kitambaa kipya, akakivuta, akakinusa, akakiweka chini. Akasema kwa Kikisii, kwa sauti ya kawaida, "Bogonko, wewe umeoa kwa ng'ombe zangu. Niambie nani ameleta rangi yangu hapa."

Ningeweza kusema sijui. Hata kunyamaza kungetosha. Vasanji alikuwa amegeuka kututazama, nami nikaogopa kwamba atataja barua.

Umeniandikia kwamba unamwonea mama yako haya. Ukome kumwonea haya. Hakumshuku Chelangat hata dakika moja. Alikuwa ametoka kwake asubuhi ile, wamesikia habari za marobota na kulia pamoja, na kabla sijamjibu aliniambia, "Si Chelangat. Yeye nimemwacha nyumbani hata kusimama hawezi." Beldina hajui hayo, maana hakuwapo. Mimi nilikuwapo. Nilitafuta haraka jina la mtu asiyekuwa na ndugu wa kuja kuniuliza kwa lugha yangu, nikampata. Mama yako alikataa mara mbili. Alisema nimekosea, nitazame vizuri, huenda ni mwingine wa kufanana naye. Ndipo nikamwapia kwa ng'ombe wale wa baba. Akachukua kikapu chake, akaelekea Sosiot sokoni, na sikumfuata.

Maneno niliyomwapia ni haya: "Ni Chelangat. Alikileta Jumanne. Nilimwona kwa macho yangu."

Mjomba wako,
Zakaria Bogonko